Gobore la gumegume linawaka kisahani tu, mtutu kimya: kisa kizima toka kwenye jiwe mpaka tundu la moto

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi: ukivuta kifyatuo jiwe linapiga, cheche unaziona, baruti ya kwenye kisahani inawaka fyuu, moshi unapanda, alafu basi. Mtutu kimya. Mara mojamoja linakuja kulia baadae, umeshaanza kushusha mkono ndio linapasuka, na hiyo ni hatari kuliko kugoma kabisa. Asubuhi linagoma zaidi, jua likishakuwa kali linakubali kidogo. Mwenye gobore ni mzee wa Mpwapwa, upande wa milima ya Rubeho, yeye analitumia kupiga mlio tu kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye shamba la mahindi, hatii goroli ndani, ni baruti na kitambaa cha kushindilia basi.

Mi ni fundi silaha mwenye leseni hapa Dodoma mjini. Nimeamua kuandika kisa hiki chote kwa sababu magobore yanayokuja kwangu na lalamiko la namna hii karibu yote yameshapita kwenye mikono ya watu, na kila mmoja kabadilisha kitu kabla hajajua kinachoumwa ni nini. Hili nalo hivyohivyo, baruti ilishabadilishwa, jiwe lilishabadilishwa, na kijana mmoja wa gereji alishashauri tundu la moto lipanuliwe kwa drili. Mzee akakataa, na namshukuru sana kwa hilo. Msimamo wangu ni kwamba moto kwenye gobore la gumegume una njia moja tu, unatoka kwenye jiwe unaenda kwenye chuma, unadondoka kisahani, unapita tundu la moto, yaani kile kitundu cha ubavuni nyuma ya mtutu, unaingia kwenye baruti ya ndani. Unaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, na hatua ambayo hujaithibitisha huruhusiwi kuiruka.

Kwanza silaha yenyewe

Wengi mnajua gobore la fataki, lile la kuvisha kifuniko kidogo cha shaba kwenye chuchu alafu nyundo inapiga. Hili ni la zamani zaidi ya hapo, halina fataki. Nyundo yake ina taya mbili zinazobana jiwe la gumegume, mbele yake kuna kibao cha chuma kimesimama wima, na kibao hichohicho kwa chini ndio kifuniko cha kisahani. Jiwe likikwangua kibao, kibao kinasukumwa mbele, kisahani kinafunuka, cheche zinadondokea kwenye baruti. Mtambo wa aina hii ulianza Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1600 na majeshi ya Ulaya yaliutumia mpaka kwenye miaka ya 1840 fataki ilipouondoa.

Watu wananiuliza imekuwaje vitu vya zamani hivyo viko huku kwetu. Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, Mpwapwa ilikuwa kituo, misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na bunduki zilikuwa zinapita na nyingine zinabaki. Alafu kuna jambo la sheria ambalo wengi hawalijui, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha za kisasa kwenye eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo Ulaya wameshaziacha miaka mingi lakini huku bado zilikuwa zinaruhusiwa kuuzwa. Hata mawe yake, wachongaji wa mji wa Brandon kule Suffolk, Uingereza, waliendelea kuyachonga na kuyaleta Afrika mpaka ndani ya miaka ya 1900.

Karatasi za mzee zilikuwa sawa, leseni ni ya kwake kwa jina lake, na hilo nalikagua kabla sijagusa skrubu yoyote. Ukikuta gobore la marehemu babu kwenye dari usilichukulie kama umerithi shamba, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 leseni ni ya mtu, kwa hiyo nenda polisi kwanza, usafi baadae.

Je limeshindiliwa?

Hiki ndio kitu cha kwanza, kabla ya jiwe, kabla ya tundu, kabla ya chochote. Nilimuuliza, "Babu, hili lina kitu ndani?" Akajibu, "Hapana mjukuu wangu, la mwisho lililia, nyani wakakimbia." Namuheshimu mzee, lakini kwenye silaha ya kujazia mdomoni neno la mtu halitoshi, unauliza mdeki, ile fimbo ya kushindilia.

Unafanya hivi: kisahani kiko wazi na kimefutwa, nyundo iko chini, mtutu umeelekea pasipo na mtu. Unaingiza mdeki taratibu mpaka ugome, huinamishi uso juu ya mdomo wa mtutu, unaweka alama kwa kalamu pale mdeki unapotokea mdomoni. Unautoa, unaulaza nje ya mtutu, alama ikiwa mdomoni, alafu unaangalia ncha ya ndani imefika wapi. Mtutu ukiwa mtupu ncha inafika usawa wa tundu la moto au inalipita kidogo. Kwa mzee ncha iliishia zaidi ya upana wa kiganja kabla ya tundu. Mzee akaangalia pale ncha ilipoishia, akaangalia tundu, akanyamaza.

Kilichotokea ni hiki. Baruti ya kisahani iliwaka, ikatoa mlio wake mdogo na moshi, nyani wakashtuka wakasogea, mzee akaamini limelia, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza ambayo haikuungua. Kwa hiyo ndani kulikuwa na mbili, moja juu ya nyingine. Kama siku hiyo tundu lingekubali, zote zingeondoka kwa pamoja kwenye mtutu wa zamani ambao hakuna anayejua chuma chake kina hali gani, na uso wa mzee uko pale pembeni.

Kwa hiyo likigoma, liache limeelekea mbele palepale, hesabu dakika nzima bila kuligeuza wala kuangalia mdomoni, ndio ushushe. Alafu mdeki kabla ya kushindilia chochote, kila mara. Ukikuta liko na kitu, unazibua tundu, unawasha tena kisahani peke yake, ukishindwa unalileta kwa fundi likiwa limelowanishwa.

Mi nililimwagia maji kwa mdomo na kwa tundu, nikaacha mpaka kesho yake, baruti iliyolowa maji haina moto. Alafu nikafunga kwenye ncha ya mdeki ile skrubu ya kuvutia, nikauzungusha ukashika kitambaa cha juu, ukaja. Baada yake likatoka tope jeusi, kitambaa cha pili, tope tena. Tope la mwisho lilikuwa linateleza vidoleni na lina harufu ya oili ya injini. Hapo nikawa nimeshapata mwelekeo, ila sikuruka hatua.

Jiwe na kibao

Unafungia chumba giza, mtutu mtupu, kisahani kitupu, unavuta kifyatuo na kuangalia cheche. Hapa ndio watu wanadanganyika, wanasema cheche zipo basi jiwe ni zima. Kuna cheche na cheche. Zile nzuri ni nyeupe kuelekea njano, zinashuka nyingi kwa pamoja na zinaendelea kuwaka zikiwa zimeshafika kwenye kisahani, unaziona zinarukaruka mle ndani. Za hili gobore zilikuwa nyekundu, chache, na nyingi zikidondokea nje mbele ya kisahani.

Cheche zile hazitoki kwenye jiwe bana, ni chembe za chuma. Makali ya gumegume yanakwangua chembe ndogo sana kutoka kwenye uso wa kibao, na chembe hizo kwa joto la kukwanguliwa zinawaka zenyewe zikikutana na hewa. Kwa hiyo ukitaka cheche unahitaji vitu viwili, jiwe lenye makali kama ya kukata na kibao chenye uso mgumu. Jiwe likiwa butu linasugua badala ya kukwangua. Kibao kikiwa laini jiwe linachimba mifereji na cheche zinakuwa hafifu.

Kibao nilikipima kwa tupa, unaigusisha pembeni mahali ambapo jiwe halipigi, unasukuma kidogo. Tupa iking'ata kibao kimelainika, ikiteleza bila kushika kiko kigumu. Kwa mzee iliteleza, nikafurahi, maana kukifanya kigumu upya ni kazi ya moto ambayo sio ya kufanyia jikoni. Ila uso wake ulikuwa na utando wa mafuta unang'aa kabisa. Mafuta kwenye uso wa kibao yanazima cheche kabla hazijazaliwa, na kila ukipaka jiwe nalo linabeba. Nikafuta vyote kwa spiriti.

Jiwe sasa. Walilobadilisha lilikuwa ni quatzi nyeupe ya kuokotwa korongoni, hii imejaa Dodoma nzima. Ni ngumu kweli, lakini ikipasuka inapasuka hovyo na kupukutika, haitoi ukingo mrefu ulionyooka. Gumegume inapasuka kwa maganda yenye kingo kali, ndio maana inafaa. Mawe ya jamii hiyohiyo ya chembe ndogondogo yanafaa pia, akiki kwa mfano, na hata yale ya kijani ya Haneti ni jamii moja, ila la Haneti ni la thamani na watu wanachimba kulitafuta, sio la kwenda kulipasulia kwenye gobore. Nilikuwa na gumegume zilizochongwa, nikachagua moja yenye upana unaokaribia upana wa kibao bila kugusa ubavu wa mtutu.

Namna ya kulifunga ndio kulikuwa na kasoro kubwa. Walilizungushia kipande cha mfuko wa rambo. Plastiki inateleza, ukikaza taya jiwe linageuka likipiga, na hapa lilikuwa limegeuka upande likipiga kona moja tu. Unatumia ngozi, kipande cha mkanda wa zamani au ngozi ya kiatu, unakikunja kinashika jiwe juu na chini, alafu unakaza skrubu. Ukiiweka nyundo nusu, yaani imevutwa nusu tu, ukingo wa jiwe ukae karibu sana na kibao bila kukigusa na uwe sambamba nacho, upande mmoja usitangulie. Ukiiachia nyundo taratibu kwa mkono jiwe likutane na kibao kama theluthi mbili kwenda juu, sio chini karibu na kisahani, maana likianzia chini halina umbali wa kukwangua. La mzee lilikuwa linaanzia chini ya nusu, nikaligeuza ule mkato wake, upande uliochongwa kwa mshazari, uangalie chini badala ya juu, likapanda. Hakuna kanuni ya upande gani uangalie juu, kila mtambo una mapenzi yake, unajaribu pande zote mbili gizani unaangalia cheche.

Baada ya hapo kwenye giza zilishuka nyeupe na zikawa zinadondoka ndani ya kisahani. Hatua mbili zimepita.

Kisahani, na tundu ambalo lilionekana liko wazi

Kisahani mzee alikuwa anakijaza mpaka mdomoni na kukibonyeza kwa kidole gumba, akiamini baruti nyingi moto mkubwa. Inafanya kinyume. Baruti ikishafunika tundu, moto unalazimika kula ule mstari wa baruti kidogokidogo kupita ndani, unakuwa unawasha utambi. Ukiacha tundu wazi, baruti ikiwa chini yake, inapowaka ule mwako unaruka mara moja kupita tundu. Kiasi kinachotosha ni theluthi ya kisahani hadi nusu, na iwe baruti ya chenga ndogo kuliko ya ndani. Ukifunga kifuniko, inamisha bunduki kidogo upande wa kisahani ili baruti isogee mbali na tundu.

Tundu lenyewe, kila mtu aliyelishika alinihakikishia liko wazi maana sindano inaingia. Na kweli inaingia. Nikachukua waya laini wa shaba, sitaki chuma kigumu pale kinakula kingo za tundu, nikaukunja ncha kidogo, nikauingiza na kuuzungusha ndani badala ya kuchomachoma. Ulipotoka ulikuwa na kitu cheusi kinachonata kama lami. Nikarudia kuuzungusha, ukaendelea kuleta. Kumbe ndani kabisa nyuma ya mtutu, pale tundu linapofungukia, kulikuwa na ukuta wa uchafu uliogandana kuzunguka, sindano inapita katikati yake kwenye kijitundu chembamba, alafu inaishia kwenye uchafu, haifiki kwenye baruti. Ukitazama kwa nje unaona tundu safi kabisa.

Ule uchafu umetokea wapi ndio kiini cha kisa chote. Baruti nyeusi ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa vitu vigumu, sio hewa, ndio ule moshi mzito na ule ukoko. Ukoko huo ni chumvichumvi za potasiamu na masizi na salfa, ndio maana ukimwagia maji unanuka yai viza. Peke yake ukoko huu sio adui mkubwa, unayeyuka kwenye maji ya kawaida kabisa. Lakini una tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, unalowa wenyewe, na ukilowa unakula chuma. Na ukikutana na oili ya petroli, ya injini au ya kulainishia mashine, unageuka huo utando unaonata ambao maji hayauyeyushi tena.

Nikampigia mjukuu wake anayekaa naye, nikamuuliza gobore mnalisafishaje. Akasema, "Kaka, hatulioshi, tunaogopa kutu. Likishapigwa natia oili chafu ya pikipiki mdomoni, alafu nalisimamisha pembeni ya kabati." Limesimama kitako chini, mdomo juu. Basi majibu yote hayo hapo. Oili inashuka usiku kucha mpaka nyuma ya mtutu, inakaa palepale tundu lilipo, inachanganyika na ukoko ambao haujaoshwa, kesho baruti inamiminwa juu yake inalowa oili. Na ndio sababu mchana lilikuwa linakubali kidogo, asubuhi kule milimani kuna ukungu na umande, ukoko umevuta unyevu, jua likishawaka pananyauka kidogo na moto unapata mwanya wa kupita. Kijana hana kosa la uzembe, alikuwa anajitahidi kulitunza, ila hofu ya maji ndio iliyoliua gobore. Maji hayaleti kutu kama unakausha. Ukoko usiooshwa ndio unaleta kutu, hata ukiupaka oili juu.

Kuliosha

Mtutu wa hili unatoka, unafungua skrubu za mtambo unauvua kwanza, alafu pini za mtutu, mbao unaweka mbali na maji. Kizibo cha nyuma ya mtutu usikifungue, kimekaa pale miaka na miaka na kukilazimisha unaharibu nyuzi zake, ukishaharibu pale hiyo sio bunduki tena ni hatari tupu.

Kwa ule utando wa oili nilianza na mafuta ya taa, nikayaacha yakae ndani, brashi ya shaba, nikayamwaga. Hii ni mara moja kwa sababu ya hali yake, sio usafi wa kila siku. Baada ya hapo maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Unaweka upande wa nyuma wa mtutu ndani ya ndoo, tundu la moto likiwa chini ya maji, unafunga kitambaa kwenye mdeki kinachobana vizuri, ukikishusha na kukipandisha maji yanavutwa na kutemwa kwa kupitia tundu. Unaona kabisa mkondo mwembamba unatoka. Mwanzo ulitoka mweusi na ulikuwa unapinda upande, ikanionyesha bado kuna kitu kimezuia, nikarudi na waya, nikarudi kwenye ndoo, mpaka mkondo ukanyooka na kuwa mweupe. Kwangu mkondo ule ndio kipimo cha tundu, naamini mkondo kuliko sindano.

Maji yanayochemka wengi wanayapenda maana chuma kinakauka haraka, ila kinatoa kutu nyepesi ya rangi ya chungwa hapohapo ukiangalia, mi nabaki na vuguvugu. Vitambaa viwe pamba tupu, kipande cha khanga kuukuu au fulana ya pamba, sio vile vya nailoni havinywi maji. Kavu, kavu, kavu, alafu kimoja chenye spiriti kinachukua unyevu uliobaki kwenye kona ya nyuma, alafu kavu tena. Ndio mwisho kabisa kitambaa kilichoguswa mafuta mepesi, kuguswa sio kuloweshwa. Kesho yake unapitisha kitambaa cheupe, kikitoka na rangi ya kahawia unarudia. Kilitoka na kahawia kidogo, nikarudia.

Wenye bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu utaratibu ni huohuo, ila kitambaa kibane mpaka kifike kwenye mifereji, ukoko unajificha mle.

Mtambo niliuosha kwa mafuta ya taa na mswaki, ulikuwa umejaa vumbi letu hili la Dodoma limeshikana na oili, linasaga vyuma taratibu. Tone moja kwenye ekseli ya nyundo, tone moja pale springi kubwa inapoteleza, basi. Kwenye uso wa kibao, kwenye kisahani na kwenye jiwe hakuna mafuta hata kidogo.

Lile tundu nililipima kwa shina la vijiti vya drili, la milimita 1.6 likaingia kwa raha, la 2 likakataa. Huo ni ukubwa mzuri kabisa. Kama lingepanuliwa kwa drili kama alivyoshauriwa, lingekubali kulia siku mbili tatu, alafu lingekuwa linatema moto mkubwa pembeni kwenye jicho la aliyesimama kulia na kupoteza nguvu, na ule ukuta wa ndani ungerudi kama kawaida kwa sababu oili ingeendelea kutiwa.

Kulijaribu

Kabla ya mtu kulishika nilikagua mtutu kwa taa ndogo ndani na kwa nje nikitafuta ufa, hasa karibu na nyuma, sikuuona. Hata hivyo jaribio la kwanza silishiki mimi wala hashiki mzee. Tulilifunga kwenye tairi kuukuu uwanja wa kulengea, kiasi kidogo cha baruti ya dukani yenye risiti, kamba ndefu kwenye kifyatuo, sote nyuma ya ukuta. Baruti ya kujipikia siitumii na wala sipokei silaha ya mtu anayeitumia, haina kipimo kinachoaminika.

Kabla ya kujaza nilipitisha kitambaa cha spiriti na kikavu kuondoa yale mafuta ya akiba, hii msisahau, bunduki iliyolala na mafuta haijazwi hivyohivyo. Alafu wakati wa kushindilia nilichomeka kwenye tundu shina la unyoya wa kanga, unalichomoa ukishamaliza, linabaki tundu safi na nafasi ndogo ya moto kupita kwenye baruti ya ndani. Wazee wa zamani walikuwa wanafanya hivi na bado sijaona njia bora kuliko hii.

Lililia. Sauti ndio inakuambia, mwanzo zilikuwa sauti mbili, fyuu alafu pu, sasa ni moja, sikio haliwezi kuzitenganisha. Tukarudia kwa kamba, ndio mzee akalishika mwenyewe, miwani usoni na pamba masikioni. Likawa linaitika, mpaka baadae likagoma, cheche mbili tatu nyekundu. Akataka kushusha, nikamwambia babu subiri kwanza, tukahesabu dakika, tukaangalia: ukingo wa jiwe umelika na kibao kina ukoko. Nikakifuta, nikagonga ukingo wa jiwe kwa kijiti cha shaba vikamenyuka vimaganda vidogo, makali yakarudi, likaitika. Kwa hiyo kugoma kule hakukuwa ugonjwa, ni jiwe kuchoka, na sasa mzee anajua kutofautisha. Kisahani kisipowaka tatizo ni jiwe, kibao au baruti ya kisahani kulowa. Kisahani kikiwaka na mtutu ukanyamaza, ni tundu au baruti ya ndani. Akilijua hilo tu hahitaji kubadilisha kila kitu.

Kijana nae alikuja akaosha mwenyewe mbele yangu kwa ndoo, na nikamuonyesha kulilaza au kulisimamisha mdomo chini usiku wa kwanza baada ya kupaka mafuta, ili kama yamezidi yashuke mdomoni yasiende kwenye tundu. Kwa asubuhi za ukungu nimemwambia wasijaze usiku wakalaza limejaa kabatini, wajaze wakifika shambani, na kisahani wakifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila mlio maana ukoko wa pale unalowa ndani ya dakika chache hewa ikiwa na unyevu. Mzee ameondoka na gumegume za akiba, vipande vya ngozi, waya wa shaba umefungwa kwa uzi kwenye mkanda wa bunduki, na mdeki wenye alama mbili zilizochongwa kwa kisu, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliojazwa mara moja.

Kilichobaki ni springi ndogo ya kibao, imelegea, kibao hakirudi nyuma kwa nguvu inayotakiwa na wakati mwingine kifuniko kinaacha mwanya ambao unyevu unapita. Kiangazi hiki hana shida nayo. Tumekubaliana alilete Novemba nimuwekee nyingine, kabla mvua za Desemba hazijaanza.